Pembe ya Nne ya Jeneza

Ukuta wa udongo uliozunguka ua wa Delfina Archuleta ndio huohuo uliozunguka ua wangu, na kwa miaka kumi na mmoja niliyoishi ubavuni mwake katika kijiji cha Ojo Seco, kusini mwa New Mexico, sikupata kumsikia akisema uongo. Kwa hiyo alichonihadithia nimekiamini. Aliyekiona ni yeye, kabla sijahamia pale. Kazi yangu ni kukifikisha kilivyo, kisha kusema kile ambacho mimi mwenyewe nilikiona jikoni mwake.

Delfina alikuwa mchoraji wa mandhari. Mwaka wa kisa hiki alikuwa na umri wa miaka hamsini na minne, hajaolewa, akiishi na kaka yake Anselmo, fundi mstaafu wa pampu za visima, mtu wa masihara ambaye hata kanisani alitoka amemchekesha mtu. Kwa miaka thelathini Delfina alikuwa akilichora jangwa, na kwa miaka thelathini jangwa lilikuwa halijamkubali. Rangi zilikuwa sahihi, milima ilikaa mahali pake, lakini picha zote zilitoka kama uso wa mtu aliyefumba macho.

Naye alikuwa na sheria moja ambayo wachoraji wenzake waliicheka. Wao, nguzo ya umeme ikiwakera, waliiacha tu bila kuichora. Yeye alichora kila alichokiona, na asichokitaka alikiondoa kwanza mbele ya macho yake. Alikata matawi makavu, akaviringisha mawe, na safari moja alimbembeleza mfugaji ahamishe zizi la mbuzi kwa siku nne. Brashi yake, alisema, haiongopi. Anselmo alikubali kwamba haiongopi, ila mgongo unaobeba mawe ni wake yeye.

Asubuhi hiyo ya Mei walikula mayai na pilipili za kijani, wakanywa kahawa, wakapakia vifaa kwenye gari la mizigo. Anselmo aliendesha. Walipita uzio wa mwisho, wakaingia uwanda mweupe wa chumvi ulio chini ya milima ya Sierra Parda. Delfina alikuwa amepita pale mara nyingi, lakini asubuhi ile mwanga haukushuka kutoka juu. Ulipanda kutoka chini. Chumvi iliushika, ikaurudisha, na milima ikawa imeangaziwa kidevuni kama watu waliozunguka mshumaa. Alimwambia kaka yake asimamishe gari, naye akashuka kabla halijasimama.

Akapanga kiweko chake cha miguu mitatu cha kuegemezea picha, akaweka jiwe kwenye kila mguu ili kesho asimame palepale, akachora mchoro wa haraka kwa mkaa. Mchoroni ukaja uwanda, ikaja milima yenye pengo moja kama la jino lililong'oka, na chini ya pengo ukaja msalaba mdogo wa mti uliopakwa chokaa, umesimama peke yake, mawe yamelundikwa miguuni pake.

Zamani, wafu walipobebwa mabegani kutoka mashamba ya mbali hadi kanisani, kila mahali wachukuzi walipotua jeneza ili wapumue palisimikwa msalaba. Apitaye huweka jiwe. Hakuna augusaye. Delfina aliyajua hayo tangu alipojua kutembea. Lakini msalaba ule uliukata mstari wa uwanda vipande viwili, na mstari ule ndio aliokuwa akiutafuta maisha yake yote.

"Kaka, ung'oe," alisema. "Kwa saa chache tu. Nikimaliza tunaurudisha."

Anselmo alijikuna shingo. "Mwenyewe akija kuulizia, namwonyesha wewe."

Akaung'oa. Ulitoka bila kubisha. Akaubeba begani, bega la kushoto, akaenda kuuegemeza kwenye gari.

Delfina alichora saa tatu mfululizo, na kwa mara ya kwanza jangwa likafumbua macho. Aligundua kuwa analia pale tone lilipoangukia ubao wa rangi. Upepo nao ulipita ukafanya kazi yake, na alipotua brashi, tundu la msalaba lilikuwa limeshafukiwa. Anselmo akausimika pale alipodhani kuwa ndipo, akayakusanya mawe kwa mguu. Hatua mbili tatu, alisema, zina neno gani katika uwanda mkubwa hivi.

Wakati wa kupanda gari alikuwa akijisugua bega. Delfina aligeuka mara moja kuutazama msalaba. Ilikuwa saa sita kamili, jua la utosi, na kando ya msalaba kulikuwa na mfuo katika chumvi, mwembamba, ulionyooka, kama wa kitu kilichoburutwa kwa ncha. Alidhani ni mguu wa msalaba uliochora ardhi.

Walipofika nusu ya njia ndipo alipokumbuka kwamba Anselmo hakuuburuta. Aliubeba.

*

Picha ya mafuta haimaliziki kwa siku moja. Kesho yake walirudi, na mfuo ulikuwa umefanya duara kubwa lililoyazunguka mawe matatu ya kiweko, mbali, kama hatua mia mbili. Siku ya tatu duara lilikuwa la hatua mia. Katika chumvi ile hata mjusi huacha alama ya vidole vyake, lakini kando ya mfuo hapakuwa na unyayo. Palikuwa na mfuo tu.

Delfina hakuogopa. Alikasirika. Kuna mtu anauharibu uwanda wangu, alisema, akausawazisha mfuo kwa soli ya kiatu, akaendelea na kazi.

Siku ya nne mfuo ulipita katikati ya kiweko na gari.

Mchana huo Anselmo alikuwa ameegemea gari akitafuna mbegu za msonobari. Saa sita ilipofika aliacha kutafuna. Bega lake la kushoto likashuka. Macho yakatazama chini, na akaanza kutembea kwa hatua fupi za kupimwa, hatua za mtu anayeenda sawa na wenzake. Delfina alimwita. Hakusikia. Akaenda hatua kumi na moja, akasimama, akapepesa macho.

"Mzito," alinong'ona.

"Nani?"

"Sijui. Nilibeba tu."

Nyumbani alipovua shati, begani mwake kulikuwa na bonde jekundu, upana wa vidole vitatu. Lilikuwa na kona kali, kona ya ubao.

Tangu hapo hapakuwa na haja ya kwenda uwandani. Kila saa sita, popote alipo, Anselmo aliinuka. Siku ya tano alikwenda hatua thelathini, ya sita akafika langoni. Daima aliuelekea uwanda. Siku ya saba Delfina alimkumbatia kiunoni kwa mikono miwili, akakita visigino ardhini, na mwanamume yule ambaye siku hizo hakuweza kupanda ngazi bila kuhema alimburuta dada yake ua mzima kama anayeburuta kishada. Alipozinduka hakufanya mzaha wowote. Hilo ndilo lililomtisha Delfina kuliko bega.

Alasiri ile ile aliingia Bi Eusebia, ajuza ambaye kila Novemba ndiye aliyekuwa akiupaka msalaba ule chokaa, kama mama yake kabla yake. Hakubisha hodi. Alikuwa amekwenda kuweka jiwe, na alikuwa ameona.

"Nani kauhamisha?"

"Mimi," alisema Delfina.

"Kwa mikono ya nani?"

Wote wawili wakamtazama Anselmo, aliyekuwa amesinzia kitini, bega moja chini ya lingine.

Bi Eusebia alisimulia kwa sauti ya chini, mkono mdomoni. Katika mwaka wa ukame mkuu, wakati wa nyanya yake, watu wanne walimbeba maiti kutoka mashamba ya mashariki. Katikati ya uwanda, mchana, yule wa nne aliishusha pembe yake, akasema anafuata maji, anarudi sasa hivi. Hakurudi. Na wale watatu, kwa kuwa jeneza haliachwi na halibebwi na watu watatu, waliketi wakamngoja. Walipopatikana walikuwa bado wameketi, kila mmoja kwenye pembe yake, wamekauka. Palepale pakasimikwa msalaba, nao wakawa wamepumzika.

"Sasa wewe umewaambia waamke, mwanangu. Umewaambia safari inaendelea. Na jeneza lina pembe nne, wao ni watatu."

"Tuliurudisha."

"Mliuweka. Hamkuurudisha. Mahali pao ni palepale, si pembeni mwa palepale."

Akamshauri aichome picha, ampakie kaka yake garini leo hii, wahamie mjini kwa binamu zao. Delfina aliitazama picha, ambayo ilikuwa inakauka ukutani. Kwa miaka thelathini alikuwa ameingoja. Akamtazama Anselmo.

"Mjini hawatamfuata?"

Bi Eusebia alipiga ishara ya msalaba.

"Basi siendi. Na picha haina kosa, mwenye kosa ni mimi."

"Delfina, usiwafanyie wafu jeuri."

"Wamemshika kaka yangu begani, Bi Eusebia."

"Mlianza ninyi."

"Ndiyo. Na nitakayemaliza ni mimi."

*

Kesho yake alfajiri alimpeleka Anselmo nyumbani kwa Bi Eusebia, akahakikisha komeo la ndani limeingia. Kisha akaendesha gari peke yake kilomita kumi na tisa, akiwa na mtaimbo, brashi zake, picha yake, na ule mchoro wa mkaa aliouchora kabla msalaba haujang'olewa. Usiku alikuwa ameukumbuka. Watu wa kijiji wangeweza kubishana mwaka mzima mahali pa msalaba ni wapi. Mkono wake ulikuwa umeshaliandika jibu.

Alisimamisha kiweko juu ya mawe yake matatu, akabandika mchoro, akafumba jicho moja. Mchoroni, kichwa cha msalaba kiligusa ukingo wa kushoto wa pengo la mlima, na urefu wake ulikuwa sawa na ukucha wa dole gumba uliowekwa juu ya mpini wa brashi kwa mkono ulionyooshwa, kama wachoraji wapimavyo vitu vya mbali. Akaenda akaung'oa msalaba, akausimamisha mbali kidogo, akarudi kutazama. Umezidi kulia. Akaenda tena. Umezidi karibu, ukubwa wake umepita ukucha. Akaenda tena. Mara saba alikwenda na kurudi katika chumvi ile, na jua lilikuwa linapanda naye. Mara ya nane msalaba wa uwandani ukakaa juu ya msalaba wa mkaa bila tofauti ya unywele.

Akapiga mtaimbo. Chumvi ilikuwa ngumu kama sahani. Akapiga tena. Chini ya tabaka la pili mtaimbo ukazama wenyewe, ukaingia kwenye tundu la zamani, na tundu likatoa pumzi kama chupa iliyofunguliwa.

Upepo ukakoma.

Mijusi ikakoma.

Alitazama chini. Kivuli chake kilikuwa kimeingia chini ya miguu yake, hakionekani. Saa sita.

Akasikia hatua. Fupi. Za kupimwa. Tangu jana alidhani kwamba wakija atasikia pia mkwaruzo wa pembe ya nne isiyo na mchukuzi, ile iliyochora mfuo katika chumvi. Leo hapakuwa na mkwaruzo.

Walikuja kutoka mashariki, watatu, wamevaa kofia pana, weupe kwa chumvi tangu kope hadi viatu. Nyuso zao zilikuwa zimekauka zikavutika nyuma, kama ngozi iliyowambwa. Walibeba jeneza la mbao lisilopakwa rangi. Saa ile hakuna mtu mwenye kivuli. Lakini jeneza, pana vile, lililobebwa juu vile, halikuwa na kivuli chini yake.

Na chini ya pembe ya nne alikuwa Anselmo. Amevaa soksi. Mkononi ameshika kijiko cha supu cha Bi Eusebia.

Delfina hakupiga kelele. Akautumbukiza msalaba tunduni, akashindilia ardhi kwa kisigino. Akasimama mbele yao.

"Huyo si wenu," alisema. "Nipeni."

Wakampita kando. Chumvi ilikuwa imeshaanza kumpanda Anselmo kwenye kope. Wakaupita na msalaba. Wakaanza kuuzunguka. Duara moja. Duara la pili, dogo zaidi. Msalaba ulikuwa umerudi mahali pake, nao hawakutua. Walikuwa wanamngoja mtu aseme safari imeisha, na Anselmo hakuwa na la kusema, kwa sababu siku ya kuung'oa msalaba hakuwa yeye aliyeamuru. Alikuwa mikono tu.

Ndipo Delfina alipoelewa.

Katika duara la tatu aliingia chini ya pembe ya nne. Alimsukuma kaka yake kwa nyonga, kama walivyokuwa wakisukumana utotoni kugombea dirisha la gari, naye akaanguka. Mbao zikamkalia begani. Katika joto lile zilikuwa baridi. Uzito ulimkata pumzi. Akaenda hatua moja. Ya pili. Na mle ndani, kitu kilijisogeza kikaja upande wake.

Mchukuzi wa mbele alinong'ona bila kugeuka.

"Bado mbali?"

"Hapana," alisema Delfina. "Ni hapa."

Wakaenda hatua nyingine.

"Yule alisema anarudi."

"Hakurudi. Mimi ndiye niliyewaamsha, na mimi nasema ni hapa. Siwabebei hatua moja zaidi. Tueni."

Akapiga goti yeye kwanza, ili wasiwe na hiari. Jeneza likainama. Pembe ya pili ikashuka. Ya tatu. Ya mwisho. Lilipogusa chumvi halikutoa sauti yoyote.

Wachukuzi wakaketi, kila mmoja kwenye pembe yake, magoti kifuani. Kwenye pembe ya nne palikuwa na nafasi. Aliyekuwa karibu nayo aliipigapiga ardhi kwa kiganja, polepole, kama mtu anavyomkaribisha mgeni aketi.

Delfina alikitazama kile kiganja. Kisha akauma meno, akasimama.

"Nina kazi," alisema.

Hakukimbia. Alitembea hadi kwenye kiweko, akaubandua mchoro, akaiweka picha, akachovya brashi.

"Kaeni hivyohivyo," aliwaambia. "Mtu asitikisike."

Nao hawakutikisika. Akachora alichokiona: msalaba, jeneza, watu watatu, na kwenye pembe ya nne chumvi tupu. Kivuli cha msalaba kilipotoka na kufikia urefu wa kidole, uwandani hapakuwa na kitu isipokuwa msalaba wenyewe, na Anselmo akiwa ameketi chini, anauliza ni nani aliyemwibia viatu.

*

Anselmo aliishi miaka tisa zaidi, akafa kitandani mwake akimtania padri. Bega halikumuuma tena. Bi Eusebia alisema hadi mwisho wa maisha yake kwamba mlango wake mchana ule haukufunguliwa, kwamba komeo lilikuwa ndani, na kwamba supu iliyoachwa mezani ilikuwa bado inatoa mvuke. Alirudishiwa kijiko chake. Hakukitumia.

Aliomba tena picha ichomwe. Delfina aliitundika jikoni, mbele ya kiti chake, na ndiyo picha niliyoiona mimi. Sijaona jangwa lililo hai kama lile. Ila kwenye pembe ya nne ya jeneza, pale alipokuwa amepaka chumvi, asubuhi iliyofuata siku ile ya uwandani Delfina alikuta rangi haipo. Palikuwa na turubai tupu, kitambaa kisicho na rangi, sehemu ndogo isiyozidi dole gumba, yenye umbo la mtu aliyeketi. Akapaka tena. Asubuhi, tupu. Akabadilisha mafuta, akabadilisha rangi, akasugua kwa tapentaini. Hatimaye aliacha. Kila asubuhi aliinua kikombe cha kahawa kuelekea pale, akasema, "Ngoja," akanywa.

Nilipohamia Ojo Seco, umbo lile lilikuwa limeketi wima, mgongo umenyooka. Nililitazama mara nyingi na nina hakika. Mwaka nilioondoka nilikwenda kumuaga. Delfina alikuwa amezeeka, mgongo umempinda, na juma lile ndilo alilonunua bakora ya kutembelea.

Nilitazama picha. Umbo lilikuwa limepinda mgongo. Na kando yake, juu ya rangi iliyokauka miaka ishirini iliyopita, kulikuwa na mstari mpya wa turubai tupu, mwembamba kama uzi, umeegemea kile ambacho kingekuwa goti lake.

Delfina aliona nilichokiona. Akacheka kidogo, akakivuta kiti chake karibu zaidi na ukuta, akakigeuza kiukabili.

"Mwache angoje," alisema, akanyoosha mkono kwenye brashi. "Mimi sijamaliza kuchora."